Kifumbu cha Nazi na Bia za Krismasi

Asubuhi moja nilitoka nyumbani kwa shangazi yangu, mjini Matrah, nikiwa na kanzu moja mwilini na ya pili kwapani, na sikujua ninakokwenda. Sikufukuzwa. Shangazi Khole alikuwa amewapokea jamaa wote waliotoka Unguja wakapata ruhusa ya kuingia Maskati, na nyumba yake ya vyumba viwili ilijaa hata mikeka ikawa inalaliwa kwa zamu. Mimi nilikuwa kijana mzima, sina mke, sina kazi, na shule niliiacha darasa la tano kwa sababu maghala ya bandarini yalinivutia kuliko ubao. Mtu kama huyo akiamka mapema akaondoka, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Wanakunja mkeka wake tu.

Nyinyi wanangu mnaosoma Al Khoudh, mnaopanda gari mkafika Al Khuwair kabla chai ya kwenye kikombe haijapoa, hamwezi kuipata picha ya njia ile. Ilikuwa changarawe, mabonde makavu na mbuzi. Nilipoiacha Ruwi nyuma likaja lori limebeba mapipa. Dereva akapunguza mwendo.

"Wapi?"

"Unakokwenda wewe."

"Na nikiwa nakwenda Jahannam?"

"Kuna kazi huko?"

Akacheka, akanifungulia mlango. Alikuwa Mwomani wa bara, jina lake Khalfan, na njia nzima alikicheka Kiarabu changu cha Unguja. Alinishusha kwenye kambi ya mafuta, pwani. Mafuta yenyewe yalikuwa hayajaanza kusafirishwa. Wazungu walikuwa wakijenga matangi ya kuyawekea. Karani wa mlangoni aliniuliza najua kazi gani. Nikamwambia kazi yoyote. Akasema anayejua kazi yoyote hupelekwa stoo.

Ndivyo nilivyoanza. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu nimekuwa mtu wa stoo. Nimetunza mchele, dawa, vipuri vya magari, madawati. Lakini wanaponiuliza nilijifunzia wapi, sisemi kwenye mchele. Nilijifunzia kwenye bia, kitu ambacho sijapata kukitia mdomoni mpaka leo. Msicheke. Kitu unachokitumia unadhani unakijua, kwa hiyo hukiangalii. Kitu usichokitumia unalazimika kukitazama, kukinusa, kukisikiliza na kuuliza. Kasoro yangu siku hizo ilikuwa kwenye kuuliza.

Bosi wangu, kwenye stoo ya klabu ya Wazungu mle kambini, aliitwa Domingo, Mgoa. Alipika mikate Unguja miaka mingi kabla ya kuja Maskati, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe kabisa. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Mtoto wa Unguja. Mtaa gani?"

"Malindi."

"Unakunywa?"

"Sinywi, bwana."

"Vizuri. Aliyekuwepo alikuwa anakunywa. Stoo ilikuwa inapungua, na yeye anaongezeka."

Masharti yalikuwa hivi: ningefanya kazi ya majaribio mpaka Krismasi. Krismasi ikipita salama, naandikwa kazi ya kudumu, na aliyeandikwa anapewa kitanda kambini. Hicho kitanda ndicho nilichokitaka. Mshahara ulinipendeza, lakini kitanda ndicho nilichokuwa nakiota mchana nikiwa macho. Mpaka hapo nilikuwa nalala kwa shangazi, nikirudi kwa lori la jioni.

Na kwa shangazi mambo yaliharibika mapema. Wiki ile ile ya kwanza chupa mbili zilipasuka kwa joto nikiwa nazipanga, bia ikanimwagikia mpaka kwenye mshipi. Nilisuuza kanzu kwa maji ya bahari, nikaenda zangu. Shangazi alinisimamisha mlangoni.

"Harufu gani hii?"

"Ya kazini, shangazi."

"Kazi gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupaza sauti.

"Humu ndani mna watoto wanasoma Kurani," alisema. "Mimi n'shawapokea watu wengi, na wewe ni damu yangu. Nnakupa mpaka hiyo Krismasi yao. Ama uje bila ya harufu hii, ama utafute pa kulala."

Tangu siku hiyo nikawa navua kanzu nje na kuvaa nyingine kabla ya kupiga hodi. Watoto wa mle ndani wakanipa jina: Mjomba Kanzu Mbili.

Basi nirudi kwenye kazi, maana najua kuna wanaosoma haya wakitaka faida. Bia haipendi vitu vitatu: jua, joto na kutikiswa, na kwa Maskati ya siku zile vyote hivyo vilikuwa bure. Friji zilikuwa mbili, za mafuta ya taa, na zilikuwa za nyama. Domingo alichimbisha shimo nyuma ya stoo, akaliezeka makuti ya mtende, akaweka magunia juu ya makreti. Kazi yangu ilikuwa kuyarowesha magunia asubuhi, mchana na jioni, ili upepo ukipita uyapoze. Chupa ikishikwa iwe baridi kama mtungi wa maji uliokaa kivulini, basi. Isiwe ya barafu. Nilimuuliza kwa nini, wakati Unguja soda isipokuwa ya barafu mtu anairudisha. Akaniambia baridi kali inaua harufu, na mtu anayekunywa bia ya Krismasi ananunua harufu.

La pili, bilauri. Bilauri ya bia haioshwi pamoja na sahani za pilau. Samli kidogo tu ikibaki kwenye kioo, povu halisimami; linakufa kama moto wa karatasi. Mpishi wetu Mbaluchi hakuamini hilo mpaka Domingo alipomfanyia majaribio mbele ya macho yake, bilauri safi na bilauri aliyoifuta yeye kwa kitambaa chake. Alitazama mara mbili, kisha akasema kosa ni la bilauri.

Sasa hizo bia za Krismasi. Kati ya wajenzi wa matangi walikuwamo Wabelgiji wanne, na kila mmoja alitoka kijiji chake. Kwao, ikikaribia Krismasi, watengenezaji bia hupika bia ya peke yake, nzito kuliko ya siku zote, yenye harufu ya viungo, kama sisi tunavyopika vitu vya Idi ambavyo mwaka mzima hatuvipiki. Kila mmoja aliagiza kreti ya kwao. Zilikuja kwa meli mpaka Matrah, zikapandishwa lori la Khalfan. Siku ya Krismasi wangekaa pamoja, wazionje zote nne na kuamua ipi bora. Mkubwa wao aliitwa Remi, msimamizi wa mafundi wa kuchomelea, mtu mrefu mwenye nyusi zilizoungua. Aliwahi kufanya kazi Kongo, na alikuwa na Kiswahili cha huko, cha maneno machache, kila neno likifanya kazi ya matatu.

"Weye," aliniambia siku kreti zilipofika, "chupa ya miye simamisha. Hapana lalisha."

Nikazisimamisha. Sikuuliza kwa nini.

Siku chache kabla ya Krismasi, Domingo alifungua chupa moja ya kila aina ili apange ipi itangulie. Alionja yeye, mimi nikanusa, kisha tukalinganisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Domingo alisema ina mdalasini. Mimi nikasema si mdalasini, ni giligilani na ganda la chungwa lililokaa juani. Akaonja tena, akaandika chungwa. Ya pili ilikuwa nyekundu ya matofali. Hiyo ndiyo iliyokuwa na mdalasini, na hapo alinishinda yeye, maana mimi nilisema tangawizi. Ya tatu ilikuwa nyeusi, na harufu yake ilikuwa ya chungu cha halwa pale sukari inapokaribia kuungua, na tende ndani yake. Ya nne ilikuwa ya Remi. Rangi yake ya kahawia, haipitishi mwanga vizuri. Nilipoinusa nilijiona nimesimama Malindi mbele ya ghala.

"Makonyo," nikasema.

"Karafuu," akasema Domingo.

"Si karafuu, bwana. Vikonyo vyake. Karafuu ina utamu. Makonyo ni makavu, kama mti."

"Mimi nimekaa Unguja miaka yote hiyo, unanifundisha makonyo?"

"Wewe ulikuwa unapika mikate."

Akanipiga kidogo begani kwa kitambaa. Tukakubaliana mpangilio: nyepesi kwanza, nyeusi mwisho, maana ukianza na nzito ulimi unachoka na zinazofuata zinaonekana maji. Katikati wale mkate mkavu. Mpishi alitaka kuwakaangia sambusa. Domingo akasema sambusa yenye pilipili ikipita hapo, hata ukiwapa maji ya bahari watasema ni bia nzuri.

Ila kulikuwa na jambo lililonikera. Ndani ya chupa za Remi, chini, mlikuwa na mashapo, unga mzito wa rangi ya udongo. Chupa za wengine zilikuwa nayo kidogo, za Remi mengi. Nikajiambia hizi zimeharibika njiani, na zikimwagwa kwenye bilauri na uchafu ule, Krismasi yangu imekwisha na kitanda changu kimekwisha. Sasa mtu aliyekulia kwenye jiko la Unguja anajua dawa moja ya kitu chenye machicha. Tui la nazi tunachuja. Ukwaju tunachuja. Kahawa tunachuja. Shangazi alikuwa na vifumbu viwili vya kuchujia nazi alivyotoka navyo Unguja. Nikamwomba kimoja kipya, nikamwambia cha kazini. Alinipa, akafurahi kwamba huko kazini wanapika.

Asubuhi ya Krismasi, Domingo akiwa amekwenda kwenye ibada yao kambini, nikafungua chupa zote za Remi zilizokuwa stoo. Nikaweka kitambaa safi ndani ya kifumbu, nikachuja, nikakamua, nikachuja tena. Bia ikatoka inang'aa kama chai ya rangi. Nikaitia kwenye majagi, nikafunika vitambaa vyeupe. Mashapo niliyaacha kwenye bakuli, kwa mazoea tu. Kwetu hatutupi kitu mpaka mwenyewe aseme kitupwe. Nilijisikia vizuri sana. Nilioga, nikavaa kanzu ya pili.

Mchana wakakaa chini ya turubai, nyuma ya klabu, Wabelgiji wanne na meza ndefu. Ya dhahabu ikapita, wakabishana. Nyekundu ikapita, wakabishana zaidi. Ikafika zamu ya Remi. Domingo aliona majagi badala ya chupa, akanitazama, lakini wageni walishanyoosha mikono. Nikamimina. Hakuna povu. Hakuna sauti. Ilitua ndani ya bilauri kama maji ya kisima.

Remi aliinua bilauri yake kwenye mwanga.

"Povu iko wapi?"

Mmoja wa wenzake alionja, akasema neno kwa lugha yao, na wengine wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikamuuliza Domingo.

"Anasema kijiji cha Remi kinapika chai ya mgonjwa."

Remi hakucheka. "Nani alifanya hii?"

"Mimi, bwana. Ilikuwa na uchafu chini, nikaichuja."

"Na nini?"

Nikaenda nikakileta kifumbu. Kilipita mkono kwa mkono mezani, kila mmoja akikinusa, na wa mwisho akakivaa kichwani kama kofia. Uso wa Domingo ukawa wa mtu anayepiga hesabu ya nani atashika kazi yangu kesho. Alininong'oneza, "Ulimwona mama yako akichuja tui, ukadhani dunia nzima ni nazi."

Nilijua kitanda kimekwenda. Nikaanza kufikiri ningemwambia nini shangazi.

Remi akaisogeza bilauri mbele yangu. "Domingo anasema weye iko na pua. Nusa. Sema."

Nikanusa. "Ile siku ilikuwa na makonyo, bwana. Leo yamebaki kidogo sana."

"Makonyo ni kitu gani?"

Domingo akamweleza: vijiti vya karafuu.

"Katika pombe ya kwetu hapana karafuu," alisema Remi. "Hata moja."

Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi sikunyamaza. "Bwana, mimi nimezaliwa Unguja. Karafuu hainipotei."

"Na miye nilizaliwa pale wanapika hii pombe. Baba yangu alipika. Tunatia shayiri, maji, majani, sukari. Hapana karafuu." Akauliza, "Ile uchafu, ulitupa?"

Nikamletea bakuli. Akalinusa, akanipa na mimi. Kulikuwa na harufu ya unga wa mkate ulioumuka, na nyuma yake, kwa mbali lakini bila shaka yoyote, makonyo.

"Hamira," akasema. "Hamira njo inafanya ile harufu. Na povu njo inaipandisha kwa pua. Weye ulikamua yote mbili."

Nilisimama na bakuli langu. Mtu wa Unguja ameambiwa karafuu imetoka kwenye hamira. Ilinichukua muda kukubali, na nadhani ningebisha tena kama Domingo, aliyekuwa mpishi wa mikate, hangetikisa kichwa polepole kukubaliana naye.

Remi akaenda chumbani kwake, akarudi na chupa moja aliyokuwa ameiweka kando. Akanipa. "Mimina. Hapana ile kofia."

Nilimimina kama Domingo alivyonifundisha: bilauri imeinama, chupa haigusi, bia inateleza ubavuni, kisha unainyanyua polepole. Remi akanionyesha pa kuishia, kidole kimoja cha mashapo kibaki chini ya chupa. Povu likapanda, zito, la rangi ya malai ya maziwa. Sikuhitaji kuinama. Harufu ilinifuata nilipo. Wakagawana kila mtu funda mbili, na kelele zikapungua kwa mara ya kwanza siku ile.

Nyeusi ikapita mwisho. Mnataka kujua ipi ilishinda. Kila mmoja alisema ya kwao. Domingo aliniambia mwaka uliopita ilikuwa vivyo hivyo.

Jioni Remi alipita stoo. Hakunisalimia mimi, alimwambia Domingo, "Huyu abaki. Alisema 'mimi' kabla ya sisi kumtafuta." Ndivyo nilivyoandikwa kazi. Neno la faida liko hapa, na nimelirudia kwa kila kijana aliyekuja chini yangu: ukikuta kitu kina uchafu usioujua, kabla hujakisafisha, uliza ule uchafu unafanya kazi gani.

Kitanda nilipewa kwa maandishi. Chumba kilikuwa cha madereva, na mkubwa wa chumba alikuwa Khalfan, yule wa lori. Alinipokea na kahawa na tende, akaniketisha, akanihoji habari za nyumbani kama ada. Kisha akasema:

"Ndugu yangu, mimi na wewe hatuna neno. Neno langu liko na kanzu yako. Humu ndani tunasali sote watano."

"Nnazo kanzu mbili."

"Zote mbili zinanuka."

Nilinusa mkono wa kanzu. Kwa kweli zilikuwa zinanuka. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Domingo alinipa nafasi kwenye chumba cha Wagoa, na alinipa kwa moyo, lakini walikuwa wakipika nguruwe humo humo. Wala sikuweza kurudi Matrah, Krismasi ilikuwa imekwisha. Hivyo nilikuwa na kazi ya kudumu na sina pa kulaza kichwa. Siku yangu ya mapumziko nikachukua mfuko wangu, nikaanza kutembea.

Nilifika Wattaya alasiri. Nyinyi mnaijua kwa maduka ya magari, vioo juu mpaka chini. Siku ile palikuwa na nyumba chache za udongo, za makuti kadhaa, kisima, na mbuzi juu ya kila kitu kinachopandika. Nilimuuliza mtu nani anapangisha. Akanionyesha nyumba ya mjane aliyeishi Pemba na mumewe kabla ya mumewe kurudi kufia kwao. Aliitwa Bi Moza. Nilipiga hodi kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili, na hilo lilinipa moyo kidogo.

"Chumba kipo," alisema. "Cha makuti, kina mlango wake. Unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema stoo, na stoo ingekuwa kweli. Lakini Khalfan alinigundua kwa kahawa moja, na huyu bibi alikuwa amesimama karibu zaidi.

"Stoo ya klabu ya Wazungu, bi mkubwa. Natunza bia na kuwamiminia."

"Wanywa?"

"Sinywi. Sijapata kuonja."

"Na kumimina? Huko nako hukatazwi?"

"Nakatazwa. Nalijua hilo."

Alikaa kwenye kizingiti, akafikiri. Mbuzi mmoja alikuja kunusa mfuko wangu, akaondoka.

"Utakaa mpaka Ramadhani," alisema. "Ikiandama hujapata kazi nyingine hapo kambini, ya mchele, ya misumari, yoyote, unahama. Nguo za kazi zinabaki kisimani. Unakoga kisimani, unavaa nyingine, ndipo unakuja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwanamume yeyote husema hanywi. Njoo hapa."

Nikasogea. Akanyanyua uso.

"Nipumulie."

Nikampumulia. Akafumba macho, akanusa bila haraka, kama mtu anayekagua samli sokoni kabla ya kulipa.

"Papa mkavu na kitunguu," akasema. "Ingia, nikuonyeshe mkeka."